Maswali ya Wasomaji: Msaada Unaobaki Baada ya Mfadhili Kuondoka

Swali: Shikamoo mhariri. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama katika kijiji kimoja cha mwambao, wilayani Bagamoyo. Mzaliwa wa kijiji chetu ambaye sasa anafanya biashara Dar es Salaam amejitolea kutuchimbia kisima kirefu, na anataka kikamilike kabla ya Ramadhani. Tunamshukuru kwa dhati, lakini tunakumbuka kisima cha mfadhili mwingine ambacho pampu yake iliharibika na hakuna aliyejua ni nani wa kuitengeneza. Tumwambie nini bila kumvunja moyo?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambieni yote uliyoniandikia mimi. Mtu anayetoa mali yake ana haki ya kujua yaliyokipata kisima cha kwanza, na kumficha kwa kuogopa kumuudhi ni kumnyima heshima anayostahili. Hili la Ramadhani naliheshimu, kwa kuwa sadaka ya maji ina daraja kubwa. Hata hivyo, mkumbusheni kwa upole kwamba sadaka yenye kuendelea humletea mtoaji thawabu muda wote watu wanaponufaika nayo. Pampu ikifa mwaka wa pili, hata yeye amepungukiwa. Naamini hoja hiyo itamwingia kuliko lawama yoyote.

Kisha zungumzeni naye juu ya ardhi yenyewe. Huku kwetu mwambao maji baridi yaliyo chini ya ardhi hukaa juu ya maji ya bahari yaliyopenya kutoka ufukweni, na kwa hiyo kisima kilichochimbwa karibu mno na bahari, au pampu inayovuta kwa nguvu kupita kiasi, huyapandisha yale ya chini hadi watu wakaanza kuchota chumvi. Ndiyo maana haifai mahali pa kuchimba pachaguliwe kwa sababu ni karibu na msikiti au karibu na nyumba ya wazazi wa mfadhili. Pachaguliwe na mtaalamu wa maji ya ardhini baada ya kupima, na sampuli ya maji ipelekwe maabara kabla ya mtu yeyote kuanza kunywa. Uchimbaji unahitaji pia kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009. Kibali hicho kisionwe kuwa usumbufu wa ofisini tu, kwani ndicho kinachozuia visima vingi mno visichimbwe mahali pamoja vikanyang'anyana maji.

Jambo la tatu ndilo ninalolishikilia zaidi, nalo ni kuamua kisima kitakuwa cha nani siku mfadhili atakapokwisha kukata utepe na kurudi mjini. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, ambayo ndiyo iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, imeweka utaratibu wa wananchi wenyewe kuunda chombo cha kuendesha mradi wa maji vijijini, chenye kamati, akaunti ya benki na fundi wake. Muulizeni ofisa wa RUWASA wilayani, au wa DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, ikiwa kijiji chenu kimo katika eneo lake, namna ya kukiingiza kisima chenu katika utaratibu huo kabla mtambo wa kuchimba haujafika.

Najua wapo watakaosema kwamba maji ya sadaka hayauzwi. Ninawaelewa, lakini malipo haya ni gharama ya matengenezo, si faida ya mtu. Tuseme ndoo inalipiwa shilingi 50 na kwa siku zinachotwa ndoo 200. Kwa siku 30 mtakuwa na shilingi 300,000 za kumlipa mlinzi na kuweka akiba ya kununua vipuri, na bado kamati inaweza kuamua hadharani kwamba wajane fulani na wazee wasiojiweza wachote bure. Mapato na matumizi yasomwe katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kisheria hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Nashauri mweka hazina awe mmoja wenu akina mama, kwa sababu ndoo zikikauka ni ninyi mtakaotembea alfajiri kwenda kutafuta maji.

Na mfadhili akiuliza asaidie nini zaidi, mwombeni atenge sehemu ya fedha zake kuwafundisha vijana wawili wa kijijini kuifungua na kuifunga pampu. Jina lake liandikwe ukutani, hakuna ubaya, mradi chini yake liandikwe jina la kamati na namba ya simu ya fundi.

*

Swali: Vijana wetu barazani wanasema kwamba kusaidia jamii kwa mpango ni jambo lililoletwa na mashirika ya nje. Je, Bagamoyo haikuwa na wafadhili wake? *Msomaji, Magomeni.*

Jibu: Ilikuwa nao. Kabla ya mashirika hayo kulikuwa na wakfu, ambapo mtu hutenga nyumba au shamba la minazi ili mapato yake yautunze msikiti au kuwalisha mayatima, na mali hiyo isiuzwe wala kurithiwa. Kulikuwa pia na msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kufyeka njia au kujenga, ambapo mchango wa mtu ni nguvu zake.

Waambieni pia habari za Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa akizipatia bidhaa na mahitaji misafara iliyotoka hapa mjini kwenda bara mwishoni mwa karne ya 19. Alitoa jengo hapa Bagamoyo liwe shule, kwa sharti kwamba watoto wa rangi zote wapokelewe, na akatoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam iliyopewa jina lake. Alifariki mwaka 1897. Muhimbili ya leo chimbuko lake ni hospitali hiyo, na jina la Sewa Haji bado linatajwa humo kila mgonjwa anapolazwa katika wodi inayoitwa hivyo. Ni haki kukumbuka kwamba utajiri wake ulitokana na biashara iliyobebwa mabegani mwa wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Lakini lile sharti la shule ninalithamini kuliko jengo, kwa kuwa lilitolewa wakati wa utawala wa Wajerumani, ambao haukuwahesabu watu kuwa sawa.

*

Swali: Kikundi chetu cha vijana hufundisha watoto jioni na kusafisha ufuko. Mwanzilishi ndiye mwenyekiti, ndiye mweka hazina, na michango huingia katika simu yake. Anajituma sana na hatuna shaka naye. Tunataka kujisajili, tuanzie wapi? *Msomaji, Dunda.*

Jibu: Anzieni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, ambaye atawaelekeza namna ya kusajiliwa kama kikundi katika halmashauri. Usajili huo unawatosha kwa sasa. Mkikua, mnaweza kuwa shirika chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, katika ngazi ya wilaya, mkoa au taifa. Cheti chake, tangu marekebisho ya mwaka 2019, hudumu miaka 10, na kila mwaka mtadaiwa taarifa ya kazi na ya fedha. Mkibuni mradi wa kuingiza kipato, kumbukeni pia asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hukopesha bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu.

Kuhusu mwanzilishi wenu, kumpunguzia mzigo si kumshuku. Siku akiugua au akihamia mkoa mwingine, michango itabaki ndani ya simu yake na watoto watakosa daftari. Fungueni akaunti ya benki yenye watia saini watatu, fedha zitolewe kwa saini mbili, na mchague mweka hazina mwingine. Mwombeni mwanzilishi mwenyewe ndiye alete pendekezo hilo mbele ya wanachama katika mkutano wenu ujao.