Elfi wako wanakula nini?

Simu yangu haijui neno "elfi", wale viumbe wa hadithini wanaofanana na watu. Kila nikiliandika inanirekebishia "elfu", kwa hiyo nusu ya rasimu ya riwaya yangu ilikuwa na watu waitwao elfu, wenye masikio marefu, wanaoishi miaka elfu. Nilicheka sana siku nilipogundua. Ila masikio unaweza kuyachora utakavyo. Hiyo elfu ndiyo itakayokusumbua.

Asili ya viumbe hawa ni ngano za Ulaya ya kaskazini. Mimi niliwahamishia kwenye kisiwa cha kubuni kinachofanana na Ukerewe, kwa sababu nimekulia Kirumba, Mwanza, na Ziwa Victoria ndilo ninalolijua. Nikawapa msitu, nyimbo na hekima, nikaona wametosha. Jioni moja nikamsomea shangazi, ambaye ameuza dagaa Mwaloni, soko letu la samaki, tangu sijazaliwa. Alikuwa na ungo mapajani, anachambua dagaa, anatoa mchanga na vijiti, hata hakuinua macho.

"Hawa watu wako, mwanangu, wanakula nini?"

"Matunda ya msituni, shangazi."

"Wote hao?"

Walikuwa 2,000. Usiku ule nikachukua kikokotoo. Watu 2,000 wakiongezeka mara mbili kila miaka 100, mwendo ambao kwa binadamu wa siku hizi ni wa kawaida sana, baada ya miaka 1,000 ni zaidi ya milioni mbili. Na kwa elfi wangu, wazee waliokuwapo mwanzoni bado wako hai, wanasubiri chakula. Kwa hiyo amua mapema: ama wanazaa kwa nadra mno, ama wanahama, ama wanalima kwelikweli. Kama ni kulima, kawaangalie Wakara. Ukara ni kisiwa kidogo chenye watu wengi, na kwa miaka mingi wenyeji wamefunga ng'ombe nyumbani, wakawakatia majani, samadi ikarudi shambani. Jamii ya watu wengi kwenye ardhi ndogo inanuka samadi. Elfi wangu walikuwa wananukia maua tu.

Lakini lililonibadilishia riwaya nzima ni kifo. Tuseme elfi hazeeki wala haugui, anakufa kwa ajali tu. Kama kila mwaka mmoja kati ya 1,000 anapata ajali ya kumuua, wanaofikisha miaka 1,000 ni kama 37 katika kila 100. Si haba. Ajali zikiwa moja kwa kila watu 100 kwa mwaka, katika watoto 100,000 watafika wanne hivi, na wastani wa maisha unashuka mpaka miaka 100 tu. Uzima wa milele wote umeishia kwenye umri wa bibi yako.

Sasa fikiria dagaa wanavyovuliwa: usiku wa giza, taa juu ya maji, mtumbwi mmoja na upepo usiobisha hodi. Kila familia pale mwaloni ina mtu aliyekwenda ziwani hakurudi. Mtu mwenye miaka 900 mbele yake ataingia kwenye mtumbwi huo kwa bei gani? Mimi naona haingii. Atamtafuta mwenye maisha mafupi amvulie. Hapo nikapata matajiri na vibarua, chuki na mgogoro, vitu ambavyo nilikuwa nimevitafuta sura tatu bila mafanikio.

Mirathi nayo usiipuuze. Baba akiishi miaka 900, kijana wa miaka 400 bado anaomba ruhusa ya kupanda mihogo. Tumeona ndugu wakikatana mapanga kwa kungoja miaka 20.

Kumbukumbu ndiyo ninayoipenda kuliko yote. Ziwa letu lilikauka kama miaka 15,000 iliyopita. Kwa sisi hilo ni jambo la wanasayansi. Kwa watu wa miaka elfu, ni wazee 15 tu waliopokezana habari, kila mmoja akimsimulia mjukuu kwa mdomo wake. Elfi wako wa makamo aliwajua furu, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kila rangi kabla sangara hajapandikizwa katikati ya karne iliyopita, na kwake hiyo ni juzi. Usimfanye mwenye hekima tu. Mfanye msumbufu, anayekataa kula sangara kwa sababu ni "samaki wa wageni".

Rasimu nimeianza upya. Sura ya kwanza sasa ni mtoto wa miaka 62 anayeomba kwenda mwaloni peke yake, na mama yake anamkatalia kwa mwaka wa 40 mfululizo. Nilimsomea shangazi wiki iliyopita. Safari hii aliweka ungo chini.

"Huyo mama hajakosea," akasema, kisha akauliza dagaa kwao ni shilingi ngapi ndoo.