Kuzaa baada ya saratani: maswali yenu

"Nilitibiwa saratani mwaka juzi, nikapona. Je, naweza kuzaa?" (Wengi, Dar es Salaam na Nairobi)

Saratani ipi, dada zangu? Swali hili halichoki kuja likiwa tupu namna hii. Leteni mambo manne: aina ya saratani, majina ya dawa, jumla ya dozi, na umri wako ulipoanza tiba. Siklofosfamidi huua mayai. Methotreksati kwa kawaida huyaacha. Mwenye miaka 27 na mwenye 41 wakipewa dripu zilezile hawatoki sawa, kwani mwanamke hatengenezi mayai mapya, anatumia akiba aliyozaliwa nayo. Yote hayo yamo kwenye faili lako hospitalini. Omba nakala.

"Hedhi imerudi baada ya kemo (tiba ya dawa za saratani) ya titi. Basi niko salama?" (Mama J., Mwanza)

Mayai yapo, ila hedhi haisemi yamebaki mangapi. Pima AMH, homoni ya damu inayoonyesha akiba ya mayai, na upigwe ultrasaundi ya ovari mwanzoni mwa mzunguko. Ukipima mara tu baada ya kemo namba itakuwa chini mno; subiri miezi kadhaa. Akiba ikiwa ndogo, usijipangie kuzaa "baadaye": hedhi inaweza kukatika kabla ya miaka 40. Na wale ambao hedhi haijarudi, msiache kinga ya mimba, kwa sababu yai hutangulia damu. Aliyeugua titi asitumie vidonge, sindano wala vijiti vya homoni. Kitanzi cha shaba au kondomu.

"Niko kwenye tamoksifeni, vidonge vya kuzuia homoni inayolisha saratani ya titi, nimeambiwa miaka 5. Nina miaka 36. Nitasubiri hadi lini?" (Msomaji, Mombasa)

Huenda si lazima umalize mitano kwanza. Utafiti wa POSITIVE, uliochapishwa 2023, ulifuata wanawake 516 waliougua saratani ya titi, wasiozidi miaka 42, waliosimamisha dawa za homoni baada ya kuzitumia miezi 18 hadi 30. Walikaa miezi 3 dawa itoke mwilini, wakapewa hadi miaka 2 ya kushika mimba, kujifungua na kunyonyesha. Katika miaka 3, saratani ilirudi au kuibuka upya kwa asilimia 8.9, kundi la kulinganisha, lisilosimamisha dawa, lilikuwa 9.2. Karibu thuluthi mbili walipata mtoto.

Sasa usichukue namba hizo ukaacha vidonge kimyakimya. Saratani inayolishwa na homoni huweza kurudi hata baada ya miaka 10, na utafiti huo haujafika huko. Kaa na daktari wako wa saratani, tarehe ya kurudia dawa iandikwe. Tena tamoksifeni si uzazi wa mpango: inaweza hata kuchochea yai kutoka, nayo hudhuru mimba.

"Mdogo wangu, miaka 29, ana saratani ya shingo ya kizazi. Anaanza mionzi wiki ijayo." (Dada mtu, Dodoma)

Uliza leo, si wiki ijayo. Uvimbe ukiwa chini ya sentimita 2 na haujasambaa, kuna upasuaji unaoondoa shingo na kuacha mji wa mimba. Mlango wa mji hufungwa uzi, mtoto hutolewa kwa upasuaji, na hatari ya kuzaa njiti ni kubwa. Ikibidi mionzi, ovari zinaweza kuinuliwa juu zisipigwe sana, ila mji wenyewe hautabeba tena mimba. Kugandisha mayai huchukua takriban wiki 2 na fedha nyingi. Kwa wanaongoja kemo ya titi, ipo sindano ya goserelini ya kuzilaza ovari wakati wa tiba, miligramu 3.6 kila wiki 4, ya kwanza angalau wiki moja kabla ya dripu. Daktari asipoligusa suala la uzazi, ligusieni nyie. Baada ya dripu ya kwanza milango mingi imeshafungwa.

"Dawa ya mitishamba ya kusafisha kizazi baada ya mionzi?"

Hakuna. Anayeiuza anakula pesa yako.

"Mimba zabibu iligeuka saratani, nikachomwa methotreksati. Nimebaki tasa?" (Tanga)

La, wengi huzaa. Lakini subiri miezi 12 tangu dozi ya mwisho: mimba mpya hupandisha hCG, homoni ya mimba inayopimwa kufuatilia ugonjwa huu, na kuficha ugonjwa ukirudi. Ukishika, wahi ultrasaundi.

"Titi moja lilipigwa mionzi. Naweza kunyonyesha?"

Ndiyo, kwa lile jingine.

"Nilitibiwa limfoma (saratani ya tezi za limfu) utotoni kwa ile dripu nyekundu. Nina mimba ya wiki 10." (Kampala)

Hiyo nyekundu yaelekea ni doksorubisini, nayo hudhoofisha moyo hata miaka mingi baadaye. Mwambie mkunga wiki hii, upigwe eko, yaani ultrasaundi ya moyo.