Miami Dolphins 1972 (futiboli ya Marekani, NFL): kwotabeki, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi, alikuwa nani?

Wawili, ila mechi nyingi ni za Earl Morrall, siyo Bob Griese. Griese aliumia mechi ya 5 dhidi ya San Diego Chargers: mguu ulivunjika na kifundo kikateguka. Morrall, mzee wa miaka 38, akaanza mechi 11 kati ya 17. Kocha Don Shula alimjua tangu Baltimore Colts, kwa hiyo hakubadili mfumo. Na mfumo wenyewe ulikuwa kukimbia na mpira: Larry Csonka yadi 1,117, Mercury Morris yadi 1,000 kamili (alipewa 991 kwanza, ligi ikamrudishia 9 baada ya kupitia picha za mechi).

Griese alirudi kipindi cha pili cha fainali ya AFC (moja ya nusu mbili za ligi) pale Pittsburgh, wakashinda 21-17, kisha akaanza Super Bowl VII, fainali ya ligi: 14-7 dhidi ya Washington.

Miami walishinda mechi zote 17, ila msimu wa kawaida ulikuwa mechi 14 tu; 3 zilizobaki ni za mchujo. Patriots wa 2007 walishinda 16 zote, wakafungwa na Giants 17-14 kwenye Super Bowl, kwa hiyo rekodi ya Miami ya kushinda zote hadi Super Bowl bado ipo.