Fonti saba kwenye daftari moja

Fundi, nimeandika CSS (maagizo ya mwonekano wa ukurasa) kwenye TiddlyWiki yangu, lile daftari la kwenye kivinjari, hakuna kilichobadilika.

Hujaweka lebo ya `$:/tags/Stylesheet`. Jamani, swali hili hadi lini?

Mimi lebo nimeweka. Rangi za kawaida zinakubali, ila zile nilizozipa jina, za `var(--rangi)`, zinagoma.

Wewe umeuliza swali la maana. Ukiacha kisanduku cha type kitupu, TiddlyWiki huisoma tidla hiyo (ukurasa mmoja wa daftari) kama maandishi ya wiki, na humo vistari viwili vilivyofuatana hugeuzwa kistari kimoja kirefu. Kivinjari kinapewa jina kisilolijua, kinaliruka. Andika `text/css` kwenye type. Na ile `!important` ya kulazimisha agizo uliyoiongeza (najua umeiongeza) ifute. Ni kuongeza sauti kwenye redio ambayo haijashika stesheni.

Nataka maandishi yanyooke pande zote mbili kama kitabuni.

`text-align: justify`, na utajuta. Kitabu hukata maneno mwishoni mwa mstari. Kivinjari hakikati hadi ukiwekee `hyphens: auto` na ukiambie ukurasa ni wa lugha gani, nacho kiwe na kanuni za kuikata lugha hiyo. Sasa chukua maneno yetu, "hatukuwafahamisha", "yanayowahusu", uyabane kwenye skrini ya simu: mstari unabeba maneno matatu na katikati yake mabonde. Acha ukingo wa kulia uende ulivyo. Hangaikia upana: `max-width: 65ch` na `line-height: 1.5`. Herufi 45 hadi 75 kwa mstari, jicho halipotei. Wanaotandaza aya moja kwenye kioo kizima cha kompyuta sijui wanamsomesha nani.

Fonti saba ni nyingi?

Mbili.

Kila penye tahadhari naandika style ya rangi nyekundu hapohapo kwenye ukurasa. Kuna njia fupi?

Ipo, na ungeanza nayo ungeokoa kurasa zako zote. Andika `.onyo` mara moja kwenye CSS, kisha kwenye ukurasa wa TiddlyWiki izungushie aya `@@.onyo` juu na `@@` chini, kila moja kwenye mstari wake. Usiiite `.nyekundu`! Siku ukichapa kwa printa ya wino mweusi utataka onyo liwe na fremu nene, utaiweka ndani ya `@media print`, sehemu ya CSS ya kuchapia tu, na hapo jina la rangi litakuwa uongo. Ukiwa humo, vipe vichwa vya habari `break-after: avoid` visibaki peke yao chini ya karatasi.

Mimi natumia Obsidian, programu nyingine ya daftari. Faili la CSS linakaa wapi?

Kwenye folda ya `.obsidian/snippets`, ndani ya daftari lako. Kisha uliwashe kwenye mipangilio, sehemu ya Appearance, halijiwashi.