Maswali na Majibu: Hataza za Tanuri la Kioo

Mkaguzi wa ofisi ya hataza ya Marekani amekataa ombi letu la hataza, yaani haki ya kisheria ya kulinda uvumbuzi, akisema kina cha tanuri tulichochagua ni jambo dhahiri. Mbona hakuna chapisho lenye kipimo hicho?

Hilo linathibitisha tu kwamba kipimo chenu ni kipya. Udhahiri, yaani kwamba mtaalamu wa kawaida angekifikia kwa urahisi, ni kikwazo kingine, na wengi wenu mnaendelea kuchanganya mambo haya mawili. Tangu kesi ya Aller, mwaka 1955, kutafuta kipimo bora kwa majaribio ya kawaida hakuhesabiwi kuwa uvumbuzi.

Tumepunguza tanuri lilelile likawa nusu. Tunaweza kupata hataza?

Kama linafanya kazi vilevile, hapana. Someni Gardner dhidi ya TEC Systems, 1984, kabla ya kumlipa wakili.

Basi vipimo havina nafasi kabisa?

Vinayo, na hapa ndipo wakaguzi nao hukosea. Katika kesi ya Antonie, 1977, mvumbuzi wa mtambo wa kusafisha majitaka alidai, yaani aliomba hataza ilinde, uwiano kati ya ujazo wa tangi na eneo la sahani zake. Ofisi ya hataza ikasema ni kurekebisha tu. Mahakama ikaikatalia, kwa kuwa haikuonyeshwa kwamba wataalamu walijua uwiano huo unaathiri matokeo.

Sasa pimeni tanuri lenu kwa kigezo hicho. Chuma kilichomo kwenye kioo cha rangi hufyonza mnururisho wa joto, hivyo joto hupenya kwa shida hadi chini. Kioo cheupe hulipitisha, kwa hiyo huvumilia kina kikubwa zaidi. Kila fundi wa tanuri analijua hilo. Ukidai kina peke yake, mkaguzi ana hoja nzito. Ukidai uhusiano wa vipimo ambao hakuna aliyejua una athari, mlazimishe aonyeshe ushahidi wake. Wengi hukata tamaa mapema na kupunguza madai bila sababu, na madai yaliyopunguzwa hayarudi kirahisi.

Vipimo tunavyodai, kutoka cha chini hadi cha juu, vinaingiliana kidogo tu na vya hataza ya zamani.

Kidogo kinatosha. Kwa mujibu wa kesi ya Peterson, 2003, mzigo wa kuthibitisha unahamia kwenu: onyesheni matokeo yasiyotarajiwa katika vipimo vyote mnavyodai, kutoka cha chini hadi cha juu. Jaribio la kipimo kimoja halitoshi.

Data za majaribio tunaweza kuzileta baadaye?

Marekani inaruhusu tamko la kiapo lenye data, lakini huwezi kuingiza jambo jipya ndani ya maelezo ya ombi. Andikeni sababu ya kila kipimo siku ya kuwasilisha. Maombi ninayoletewa hutaja mita na sentimita ukurasa baada ya ukurasa, bila sentensi hata moja ya kueleza kwa nini.