Shogi: kete iliyoliwa haifi
Ndugu, umeuliza kama shogi ya Wajapani ni sataranji iliyobadilishwa jina tu. Hapana. Ubao una miraba 81, kila mchezaji ana kete 20, tofauti na sataranji; lengo ni kumbana mfalme, hapo ndipo zinafanana. Lakini kete ukiila haifi: unaiweka pembeni, na zamu yako ikifika unaweza kuirudisha ubaoni ipigane upande wako. Ndiyo maana kete zote zina rangi moja, mwenyewe unamjua kwa ncha inayoelekea kwa adui. Utamu wote uko hapo! Ila usimweke askari uliyemteka kwenye safu ya wima yenye askari wako mwingine ambaye hajapandishwa cheo. Kosa hilo huitwa nifu, umeshindwa papo hapo. Hata mabingwa wa kulipwa limewahi kuwakuta.