Ugeni wa figo: mambo niliyochelewa kuyasema

Kama juzi tu ndo umeambiwa figo zako zimechoka, umetoka kliniki na karatasi hujui hata uanze kuisoma wapi, kaa hapa kidogo. Mi mwaka mzima wa kwanza niliumaliza kwa ndio dokta, asante dokta, nafika stendi ya Kimara ndo nagundua sijaelewa kitu, nyumbani wakiniuliza nasema wamesema naendelea vizuri.

Nunua daftari. Kila kipimo andika krietinini (uchafu wa kwenye damu ambao figo zinatakiwa kuutoa), na uliza eGFR (makadirio ya figo zinachuja damu kwa kasi gani) ni ngapi na mara ya mwisho ilikuwa ngapi. Ikikaa chini ya 60 kwa zaidi ya miezi 3 hapo ni ugonjwa sugu, chini ya 15 ni hatua ya 5, habari ya mashine ya kusafisha damu (dialisisi) inakaribia. Ila usingoje 15. Ukiona 20 na kitu na inazidi kushuka, we mwenyewe uliza fistula (mishipa miwili ya mkononi inayounganishwa kwa upasuaji, mashine ichukulie damu hapo) tunaandaa lini, maana ikishatengenezwa inataka wiki kadhaa mpaka miezi ikomae, na ukikutwa hujajiandaa unawekewa mpira wa kupitishia damu shingoni haraka haraka.

Alafu chagua mkono wa kuutunza, mara nyingi ule usioandikia. Mi wa kushoto. Siku moja nina homa, nimeenda zahanati moja ya jirani kupima damu, nesi kashanifunga mpira mkono huohuo anapigapiga mshipa, namwambia dada huo hapana, chukua wa kulia, ananijibu baba mshipa mzuri ndo huu. Nkamwambia ndo maana sitaki uguswe, nautunzia mashine. Akanuna, foleni nayo ikanuna, mwisho akatoa damu nyuma ya kiganja cha kulia. Nilijisikia mkorofi kweli yani, lakini fistula ninayoitumia leo iko kwenye mshipa uleule, na kila asubuhi kabla ya simu naigusa nisikie inatetemeka. Isipotetemeka ni hospitali siku hiyohiyo, hakuna kusema nitaangalia kesho.

Duka la dawa pia ongea. Ukisema mgongo unauma unapewa diklofenaki fasta, na hizo pamoja na ibuprofeni zinapunguza damu inayofika kwenye figo. Kabla hujatoa hela sema nina tatizo la figo. Mizizi ya kuchemsha mi siigusi kabisa, anayeuza hajui krietinini yako.

Kazini nilificha, kosa kubwa sana, bosi akawa anadhani nina dili pembeni. Mashine ni mara 3 kwa wiki, kama masaa 4 kila mara na hapo hujahesabu foleni ya barabarani, huwezi kuificha. Nilipopeleka barua ya dokta yenye siku na masaa tukapanga zamu, basi. Bima nayo kaulize mapema inalipia nini, na upandikizaji wa figo uliza pia, Muhimbili wameuanza tangu Novemba 2017 kwa hiyo sio lazima uwaze India moja kwa moja.

Wagumu kuliko wote ni wanaokupenda. Shangazi yangu wa Temeke alikuwa ananiletea madafu, eti yanasafisha figo. Dafu lina potasiamu nyingi, figo zilizochoka zinashindwa kuitoa na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. (We usikate kila kitu kwa kunisikia mimi, inategemea kipimo chako, muulize dokta.) Kubishana na shangazi sikuweza, ningeambiwa nimekuwa na kiburi, so nikamwomba anisindikize kliniki na swali la madafu nikaliuliza mbele yake. Hakusema neno mpaka tunashuka kwenye daladala. Wiki iliyofuata kwenye shughuli ya familia nimeshika ndizi mbivu, nasikia sauti kutoka jikoni, "We, weka chini hiyo!"